Kihispania kwa njia ya sikio: Kozi za bure zipo, tatizo ni lango la Kiingereza

KIJANA aliyemaliza kidato cha nne katika kijiji cha Chidya, wilayani Masasi, anaweza leo kuanza kujifunza Kihispania bila kulipa ada, bila kusafiri kwenda Dar es Salaam na bila kununua kitabu. Anachohitaji ni simu inayoweza kucheza sauti, kifurushi kidogo cha intaneti, na subira. Masomo yaliyorekodiwa na walimu wa kweli, pamoja na programu za simu zinazomsahihisha mwanafunzi papo hapo, yanapatikana kwa yeyote anayeyatafuta.

Hata hivyo, ubure huo una sharti ambalo halitangazwi. Kozi maarufu za Kihispania zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaojua Kiingereza, au lugha nyingine kubwa ya Ulaya. Maelezo ya sarufi, tafsiri za maneno na hata mizaha ya mwalimu huwa katika lugha hiyo. Kijana ambaye Kiingereza kilimpa taabu shuleni hujikuta akijifunza lugha mbili kwa wakati mmoja, na wengi wa namna hiyo huacha wakidhani kwamba kilichowashinda ni Kihispania.

Makala haya yanaeleza kozi hizo ni zipi, zinafanyaje kazi na zinagharimu nini hasa. Aidha, yanaonyesha namna mzungumzaji wa Kiswahili anavyoweza kuitegemea lugha yake mwenyewe, ambayo katika mambo mengi ya msingi iko karibu zaidi na Kihispania kuliko kilivyo Kiingereza.

Masasi na kujifunza kwa kusikia

Chidya iko kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Masasi unaoelekea Newala. Katika eneo hili la mikorosho wanaishi Wamakonde, Wayao na Wamakua, na mtoto husikia lugha zaidi ya moja nyumbani na sokoni kabla ya kukutana na Kiswahili cha darasani, kisha Kiingereza cha sekondari. Kwa mtoto wa namna hiyo Kihispania kitakuwa lugha ya nne au ya tano. Zile za kwanza hakuzipata kwa kukariri kanuni. Alizisikia, akaziiga, akachekwa, akasahihishwa, hatimaye akazizoea.

Kujifunza lugha ngeni kwa sikio kuna historia ndefu katika sehemu hizi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, nao wakaanzisha makazi Masasi. Misheni hiyo ndiyo iliyoweka baadaye msingi wa shule ya Chidya. Steere mwenyewe alifika Zanzibar mwaka 1864. Alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji na kuandika hadithi walizomsimulia, na mwaka 1870 akachapisha mwongozo wa lugha hiyo pamoja na mkusanyiko wa hadithi.

Mwongozo wa Steere ulikuwa wa Mwingereza anayetaka kujua Kiswahili. Tangu wakati huo vifaa vingi vya lugha vimeendelea kuelekea upande huo mmoja: mgeni hupewa njia ya kumfikia mwenyeji, lakini mwenyeji anayetaka kuifikia lugha ya tatu hutakiwa apitie kwanza Kiingereza.

Kwa nini Kihispania?

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20. Kati ya hizo, 18 ziko katika bara la Amerika na Karibiani, moja ni Hispania yenyewe, na moja iko Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kutoka Hispania Oktoba 12, 1968. Kwa mujibu wa Instituto Cervantes, taasisi ya Serikali ya Hispania iliyoanzishwa mwaka 1991, watu karibu milioni 500 wanakizungumza kama lugha ya kwanza. Wakijumlishwa wanaokijua kwa viwango mbalimbali na wanaojifunza, idadi inazidi milioni 600.

Umoja wa Afrika unakitambua Kihispania miongoni mwa lugha zake, pamoja na Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiswahili. Katika shule za Tanzania, Kifaransa, Kiarabu na Kichina vimepata nafasi katika mitaala, lakini Kihispania hakijapata nafasi ya kulingana navyo. Matokeo yake ni kwamba waongoza watalii wanaokimudu si wengi, ingawa watalii kutoka Hispania na Amerika ya Kusini hufika Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar. Vilevile madaktari wa Cuba wamefanya kazi Zanzibar na Tanzania Bara kwa miongo mingi.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili na Kihispania vimewahi kukutana ana kwa ana. Aprili 1965 Che Guevara na wapiganaji wa Cuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuingia mashariki mwa Kongo. Kwa ajili ya usiri, walijipa majina ya tarakimu za Kiswahili: Victor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliwekwa kuwa mkalimani wake na mwalimu wake wa Kiswahili. Ilanga alipelekwa baadaye Cuba, akajifunza Kihispania na kuwa daktari huko. Lugha iliyowaunganisha wawili hao mwanzoni ilikuwa Kifaransa.

Kutoka santuri hadi simu

Kozi za sauti hazikuanza na intaneti. Kampuni ya Linguaphone ya London, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuza masomo ya lugha yaliyorekodiwa. Zilifuata santuri, kanda za kaseti na sidii. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo, kupitia chuo chake kiitwacho Foreign Service Institute, kwa kifupi FSI, ilirekodi kozi ndefu kwa ajili ya wanadiplomasia wake, zikiwamo za Kihispania na za Kiswahili.

Msingi wa kitaalamu wa kozi hizi ni elimu ya kumbukumbu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha kwamba mtu husahau kwa kasi kubwa mara tu baada ya kujifunza, kisha kasi hiyo hupungua. Mwaka 1967 Paul Pimsleur, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alipendekeza ratiba ya kulikumbusha neno kabla halijapotea: baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa moja, saa 5, siku moja, na kuendelea hadi miezi na miaka. Programu nyingi za simu za leo zinatumia wazo hilo hilo, isipokuwa kwamba hesabu inafanywa na kompyuta.

Kozi zinazotumika zaidi

Language Transfer ni kazi ya mwalimu mmoja, Mihalis Eleftheriou, inayoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Kozi yake ya Kihispania ina masomo 90 ya sauti, yote ya bure. Mwalimu huzungumza na mwanafunzi mmoja aliyeko mbele yake, na msikilizaji hutakiwa kusimamisha sauti na kujibu kabla ya mwanafunzi huyo. Hakuna kuandika wala kukariri. Maelezo ni kwa Kiingereza chepesi. Mwalimu huyo huyo ametengeneza pia kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza.

Coffee Break Spanish ilianzishwa mwaka 2006 na Mark Pentleton, mwalimu wa Scotland, wakati podikasti zilipokuwa bado jambo geni. Vipindi vyake ni vya kama robo saa au zaidi kidogo, na husikilizwa bure, ila maandishi na mazoezi ya ziada huuzwa. Maelezo ni kwa Kiingereza.

Kozi za FSI ni za zamani na sauti zake zina mikwaruzo, lakini kwa kuwa ni kazi za Serikali ya Marekani, husambazwa bila malipo. Zinamfaa mtu mwenye nidhamu ya mazoezi ya kurudiarudia sentensi moja kwa kubadili neno moja moja.

Duolingo ni programu ya simu iliyobuniwa Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker wa Uswisi. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012. Kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza iliongezwa mwaka 2017. Toleo la bure lina matangazo na kikomo cha makosa au cha matumizi. Faida yake ni kumzoesha mwanafunzi kurudi kila siku, na hasara yake ni kwamba mtu anaweza kukusanya alama kwa miezi bila kutamka sentensi moja mbele ya mtu.

Dreaming Spanish, mradi ulioanzishwa na Pablo Román, una thamani ya pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki kwa sababu hautumii Kiingereza. Mwalimu huzungumza Kihispania peke yake tangu dakika ya kwanza, akichora picha, akionyesha vitu na kutumia ishara mpaka maana ieleweke. Video nyingi ni za bure, na nyingine ni za kulipia. Tatizo ni kwamba video hula kifurushi kuliko sauti.

Anki, iliyotolewa mwaka 2006, ni programu ya kadi za kukumbushia maneno. Kwenye simu za Android ni ya bure. Mwanafunzi huandika kadi zake mwenyewe, hivyo anaweza kuweka Kiswahili upande mmoja na Kihispania upande wa pili, na Kiingereza kisiwepo kabisa.

Vinywa viwili vinavyofanana

Anayejifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza huambiwa kwamba matamshi ni mtihani. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili sivyo. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawasawa na za Kiswahili. Neno husomwa kama lilivyoandikwa. Herufi ñ ni "ny" ya Kiswahili, kwa hiyo niño, yaani mtoto wa kiume, hutamkwa "ninyo". Ch ni ile ile ya "chai". Ll katika nchi nyingi ni "y", hivyo llave, ufunguo, husikika "yabe". J ni sauti ya "kh", kama anavyoitamka mtu asemaye "kheri" kwa lafudhi ya Kiarabu, na h haitamkwi.

Mkazo nao haumsumbui. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kihispania kanuni ni hiyo hiyo kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, ambayo ndiyo mengi. Maneno yanayoishia na konsonanti nyingine hubeba mkazo mwishoni, na yanayokwenda kinyume cha kanuni huwekewa alama juu ya irabu. Kinachohitaji mazoezi ni kutofautisha r nyepesi na rr nzito, kwa kuwa pero ni "lakini" na perro ni "mbwa".

Msamiati nao una urithi wa zamani. Wareno walipotawala sehemu za pwani ya Afrika Mashariki waliacha maneno ambayo ni ndugu wa Kihispania. Meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino, karata ni carta, pera ni pera ingawa kwao ni tunda jingine, na papai ni papaya. Hata mkorosho, unaolisha kaya nyingi za Masasi na Newala, asili yake ni Brazil, na jina "kanju" linatokana na Kireno.

Sarufi inayosaidia

Ufanano mkubwa zaidi uko katika ujenzi wa sentensi, na hapa ndipo njia ya Kiingereza inapomchelewesha mwanafunzi.

Kwanza, mtendaji hukaa ndani ya kitenzi. Mswahili husema "ninasema, unasema, anasema, tunasema, wanasema" bila kulazimika kutaja mimi, wewe au yeye. Mhispania husema hablo, hablas, habla, hablamos, hablan, naye hataji kiwakilishi bila sababu. Tofauti ni kwamba Kiswahili huweka alama mwanzoni mwa kitenzi na Kihispania mwishoni.

Pili, sifa hufuata nomino na hupatana nayo. "Nyumba kubwa" ni casa grande. "Kitabu cheupe, vitabu vyeupe" ni libro blanco, libros blancos. Mwanafunzi aliyezoea ngeli za Kiswahili hashangai kuona kivumishi kinabadilika kwa kufuata nomino. Kihispania kina makundi mawili tu, la kiume na la kike.

Tatu, mtendwa hutangulia mzizi wa kitenzi. "Nakupenda" ni te quiero: "ku" na te zote huja kabla ya tendo. "Ninakiona" ni lo veo.

Nne, Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar, ambavyo huwatesa wanafunzi wa Kiingereza kwa miaka. Mswahili ana pa kuanzia, kwa kuwa husema "Juma ni mwalimu" lakini "Juma yuko nyumbani". Kwa Kihispania ni Juma es maestro na Juma está en casa. Mipaka ya vitenzi hivyo hailingani kwa kila hali, maana estar hutumika pia kwa hali za kupita kama uchovu, lakini wazo la kutenganisha alivyo mtu na mahali alipo si geni kwake.

Tano, ile hali ya kitenzi inayotumika kwa matakwa na amri za upole ipo katika lugha zote mbili. "Nataka aje" ni quiero que venga, na "nataka usome" ni quiero que leas. Kiswahili hubadili irabu ya mwisho kuwa e, na Kihispania pia hubadili irabu. Kitabu cha Kiingereza huhitaji sura nzima kulieleza jambo hilo, na mwalimu wa Kiswahili angeweza kulieleza kwa mifano mitatu.

Hata hivyo, si kila kitu ni rahisi. Kiswahili kina "yeye" mmoja, na Kihispania hutenganisha él na ella, mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana mitambo ya kutafsiri hukosea mara kwa mara inapogeuza sentensi ya Kiswahili, kwani hulazimika kubahatisha jinsia. Viangami vya umilikaji pia hutangulia: "nyumba yangu" ni mi casa. Vitenzi visivyofuata kanuni ni vingi, na dawa yake ni kuvisikia mara nyingi.

Gharama ya kweli ni data na muda

Faili ya sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, kinachotosha kwa maongezi, huchukua takriban megabaiti 29 kwa saa. Kozi ya saa 15 huhitaji megabaiti zipatazo 430. Ikirekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 128, mahitaji huongezeka maradufu. Video ya muda huo huo huhitaji mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo ni busara kupakua kozi nzima mara moja, mahali penye mtandao mzuri, badala ya kuisikiliza moja kwa moja mtandaoni kila siku. Faili zikishakuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, mwenzako anaweza kuzipata kwa Bluetooth bila kutumia kifurushi, mradi kozi yenyewe inaruhusu kusambazwa. Sauti pia huchezwa na simu ya bei nafuu na haihitaji kioo kuwaka, jambo lenye maana mahali ambapo kuchaji simu ni gharama nyingine. Katika shule nyingi za bweni simu haziruhusiwi, na huko mwanafunzi anaweza kutegemea likizo, au kompyuta ya shule kwa idhini ya mwalimu.

Gharama ya pili ni muda, na hapa matangazo hupotosha. FSI hukadiria kwamba Mmarekani anayejua Kiingereza huhitaji takriban wiki 30 za masomo ya kutwa, au saa zipatazo 750, ili afikie kiwango cha kufanya kazi ya kidiplomasia kwa Kihispania. Anayesoma dakika 15 kwa siku hukusanya saa 91 kwa mwaka, hivyo angehitaji zaidi ya miaka 8. Anayesoma saa moja kwa siku angehitaji miaka miwili na zaidi kidogo. Kuongea na mgeni hotelini au kuongoza watalii kwa mambo ya kawaida huhitaji saa chache kuliko hizo, lakini hakuna programu inayoifuta hesabu hiyo.

Namna ya kuanza bila Kiingereza kingi

Wiki mbili za kwanza zitumike kwa sauti za lugha peke yake: irabu, ñ, j, rr, salamu na tarakimu. Mwanafunzi asome kwa sauti, ajirekodi kwa simu na kujilinganisha na mzungumzaji mwenyewe.

Baada ya hapo achague kozi moja ya sauti aimalize, badala ya kurukaruka kati ya tano. Kila somo lisikilizwe mara mbili, asubuhi na jioni, na jibu litolewe kwa sauti kabla ya mwalimu kujibu. Maneno mapya yaandikwe kwenye kadi kwa Kiswahili na Kihispania, pamoja na sentensi fupi ya Kiswahili inayofanana kimuundo, kama "nakupenda" na te quiero.

Kwa usomaji, shirika la BBC lina idhaa ya Kiswahili na idhaa ya Kihispania iitwayo BBC Mundo, na Deutsche Welle ya Ujerumani nayo hutoa habari kwa lugha zote mbili. Habari moja ya dunia, kama vile Kombe la Dunia, ikisomwa kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kihispania, maana ya maneno mengi hujitokeza bila kamusi.

Mitambo ya mazungumzo iliyoenea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, kama ChatGPT, inaweza kueleza kanuni ya Kihispania kwa Kiswahili na kumjibu mwanafunzi kwa subira. Inasaidia, lakini hukosea kwa ujasiri ule ule inaopatia, na Kiswahili chake mara nyingine huwa cha kutafsiriwa. Jibu lake lihakikiwe kwenye kamusi au kozi.

Aidha, mwanafunzi ajihadhari na programu zinazotangaza kuwa za bure huku zikidai namba ya kadi ya benki kabla ya somo la kwanza. Mara nyingi ubure huo ni wa siku chache, na makato hufuata.

Ng'ambo ya Ruvuma

Kwa mkazi wa Masasi au Newala lipo swali jingine la haki: kwa nini asianze na Kireno? Msumbiji iko ng'ambo ya Mto Ruvuma, na Wamakonde, Wayao na Wamakua wanaishi pande zote mbili. Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010, linaunganisha nchi hizi mbili eneo la Mtambaswala. Kireno ni lugha rasmi ya Msumbiji, na pia ni mojawapo ya lugha za SADC, ambayo mwaka 2019 ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani Kireno kina faida ya karibu zaidi. Kwa anayelenga utalii wa kaskazini au Zanzibar, au masomo Cuba na Hispania, Kihispania ndicho. Lugha hizi ni ndugu, na anayeijua moja husoma nyingine kwa taabu ndogo, ingawa matamshi ya Kireno humeza irabu na hivyo humchelewesha msikilizaji mgeni. Language Transfer, Duolingo na kozi nyingine hazibadili ukweli kwamba anayechagua lugha kwa sababu ya kazi anayoijua hudumu kuliko anayechagua kwa sababu ya mtindo.

Kinachokosekana

Masomo ya sauti kwa Kiswahili si jambo lisilowezekana. Mwaka 2008 Deutsche Welle ilianzisha mfululizo wa vipindi vya elimu kwa vijana wa Afrika, ambao kwa Kiswahili uliitwa Noa Bongo, ukatangazwa redioni na kupatikana kwenye intaneti. Language Transfer nayo imeonyesha kwamba kozi kamili inaweza kutengenezwa na mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja na kipaza sauti.

Kinachokosekana ni kozi ya Kihispania yenye uzito wa namna hiyo inayoanzia kwenye "nataka aje" na kwenye "yuko nyumbani", iliyorekodiwa na mtu anayezijua lugha zote mbili. Watu wa namna hiyo wapo: waongoza watalii waliobobea, madaktari na wahandisi waliosoma Cuba, na Watanzania waliowahi kuishi Hispania. Chumba kimoja kisicho na kelele na simu moja nzuri vinatosha kwa kuanzia, na redio za jamii zinaweza kuyafikisha masomo hayo kwa wasio na kifurushi.

Hadi hapo itakapopatikana, kijana wa Chidya atazitumia kozi zilizopo, akitafsiri Kiingereza chao kwa kamusi inapobidi, na kuandika pembeni ya kila kanuni mfano wake wa Kiswahili. Madaftari ya namna hiyo, yakikusanywa na mwalimu mmoja makini, yanaweza kuwa rasimu ya kozi yenyewe.